Saa Isiyo na Mishale

Watu wa Mandewa wakisikia nina saa mpya, kitu cha kwanza wanaangalia ukutani. Hawaioni. Wanaangalia mkono wangu, hawaioni. Basi nawaonyesha kopo la asali lililokaa juu ya kabati, lenye waya mmoja mwembamba unaotoka ubavuni, nawaambia ndiyo hiyo. Jirani yangu, mama mmoja mjane anayeuza kuku wa kienyeji, na ambaye tangu nifiwe na mke wangu ndiye mtu pekee anayeingia kwangu bila kusubiri nimwambie karibu, aliinama akalitazama kopo pande zote. "Mzee, saa yako haina mishale." Nikamwambia haina. "Sasa unajuaje ni saa ngapi?" Nikamwambia haisemi saa ngapi. Akanitazama kwa huruma, halafu akaniuliza kama nimekula.

Mimi ni fundi redio. Sisemi nilikuwa, ingawa kibanda changu nilishakifunga, kwa sababu siku hizi redio ya mtu ni simu yake, na simu ikifa inatupwa. Ufundi hautoki mwilini. Nikisikia mkwaruzo kwenye spika ya msikiti, ya kanisa, au ya gari la matangazo, hasira zinanipanda kama vile mtu amenitukana mimi. Mke wangu alikuwa ananicheka, "Wewe utakuja kufa kwa ajili ya mkwaruzo." Akatangulia yeye. Nikabaki na nyumba, na upepo wetu huu unaopita chini ya mlango, na vyombo vyangu mezani. Nilikuwa mpweke, niseme tu. Kuna siku nilikuwa nawasha pasi ya kulehemu bila kuwa na kitu cha kulehemu, ili chumba kiwe na harufu ya kazi.

Mtoto wetu ni mmoja, wa kike. Anafundisha shule ya msingi Mbeya, ameolewa huko huko, na alipozoea mji alijiunga na kwaya ya kanisa lao. Kanisa hilo lina redio ya mtandaoni. Kila Jumapili asubuhi wanarusha ibada moja kwa moja, sauti tupu, hakuna picha. Siku aliyonipigia kunieleza kwamba amejiunga na kwaya, nilimjibu "vizuri," tukahamia kwenye habari za alizeti. Ndivyo tulivyo. Mimi ni Mnyiramba wa Ulemo, mama yake alikuwa Mnyaturu wa hapa hapa Singida, na mambo yote ya moyoni yule mtoto aliyazungumza na mama yake, kwa Kinyaturu, jikoni. Kwangu mimi ilikuwa shikamoo baba, marahaba, hujambo, sijambo, halafu mambo ya shule. Hakuna aliyekosea hapo. Nyumba nyingi za kwetu zinaishi hivyo na watu wanapendana.

Lakini Jumapili ile ile niliitafuta hiyo redio kwenye simu, nikaipata, nikasikiliza ibada mwanzo hadi mwisho. Na sikumwambia. Ningemwambia nini? Baba mtu mzima anakaa kwenye kiti anamvizia binti yake akiimba?

Alikuwa anaimba sauti ya pili. Kwenye kwaya ya watu wengi, sauti ya pili huipati hivi hivi, imekaa katikati kama nyama ya ndani kwenye sambusa. Wanaosikika ni wale wa sauti ya kwanza wanaopaa, na wanaume wanaonguruma chini. Ila mwanangu ana kasoro, na kwa kasoro hiyo nilikuwa namjua. Wimbo ukiisha, wenzake wote wanaachia pamoja. Yeye anachelewa kuachia. Kidogo tu. Silabi ya mwisho inabaki naye peke yake hewani, kabla hajashtuka kwamba watu wameshanyamaza. Amelitoa hilo kwa mama yake, ambaye akiimba huku anachambua mlenda hakuwa na haraka ya kumaliza chochote. Mwalimu wa kwaya wa hapa alimgombeza tangu akiwa msichana mdogo, akamsimamisha hata peke yake mbele ya wenzake. Wapi! Ikaenda naye hadi Mbeya.

Basi Jumapili yangu ilikuwa hiyo. Kukaa kwenye kiti, chai inapoa, nasubiri mwisho wa kila wimbo. Ule mkia wa sauti ukipita nasema moyoni, yupo, mzima. Nazima, naenda kumwaga pumba kwa kuku.

Mwanzoni nilisikilizia kwenye simu, nikachoka na kile kispika chake, nikaunga kwenye spika zangu kubwa. Baadaye daktari mmoja mgeni aliyekuwa amemaliza mkataba wake akawa anauza vitu vya nyumbani kabla ya kurudi kwao. Wenzangu waligombania friji na magodoro. Mimi nikachukua kisanduku cheusi ambacho hakuna mtu aliyekijua. Kazi yake ni kupokea muziki kutoka mtandaoni na kuugeuza kutoka kwenye tarakimu uwe sauti. Ukiwasha unasikia tofauti papo hapo, hata jirani alisema, "Leo wapo sebuleni." Nyuma ya kisanduku kulikuwa na matundu, na kila tundu lilikuwa na waya wake, isipokuwa tundu moja dogo la duara. Daktari alisema lile ni la kuchomekea saa ya nje, na yeye hakuwahi kuhangaika nalo. Tundu tupu, bwana! Nilikuwa nikipita na kitambaa cha vumbi naliona, nageuza uso.

Halafu ikaja Jumapili ambayo ule mkia haukuwepo.

Sikushtuka. Nilisema labda amesafiri. Jumapili iliyofuata haukuwepo, na nyingine, na nyingine. Na mimi, badala ya kufikiri kama baba, nikafikiri kama fundi. Maisha yangu yote nimeletewa redio na watu wanaosema, fundi, kuna stesheni ilikuwa inasikika sasa haisikiki. Na siku zote tatizo huwa kwenye redio, si kwenye stesheni. Hata mara moja sikuwahi kumwambia mteja, labda mtangazaji ameondoka. Kwa hiyo nilikuwa na hakika kabisa kwamba mahali fulani kati ya Mbeya na Mandewa sauti ya mwanangu inamezwa, na kwamba nikikaza akili nitapaona.

Nikaanza. Nikasafisha matundu yote kwa spiriti. Nikabadilisha waya za spika. Kile kifaa cha intaneti nikakitoa dirishani nikakipandisha darini, nikakishusha tena. Umeme wa ukutani nikautilia shaka, nikaweka betri ya gari inayochajiwa na sola, kwa sababu umeme wa betri hauna kelele. Kila Jumapili nilikaa kwenye kiti nikiwa nimebadilisha kitu kimoja. Kila Jumapili wimbo uliisha, wote wakaachia, kimya. Nilikuwa naigombeza ile mashine kwa sauti. "We mpuuzi, mwanangu umempeleka wapi?" Jirani alikuwa akinisikia kutoka uani kwake na kuuliza kupitia ua nagombana na nani asubuhi yote hii.

Simu za mwanangu nazo zilikuwa zimepungua. Alikuwa anaandika ujumbe. Shikamoo baba, habari za hapo, huku wazima, kuku hawajambo? Nami si mtu wa kuandika, vidole vyangu vimezoea bisibisi, najibu "marahaba, wazima." Siku moja nilimtania kwa maandishi kwamba amekuwa karani. Akajibu bando limemwishia. Mwingine aliyekuwa anapiga ni mkwe wangu, kijana mstaarabu sana, na kila akipiga anamalizia, "Mwenzangu yuko kazini baba, anakusalimia." Nikasema walimu siku hizi wanateswa. Nikarudi kwenye mashine yangu.

Ndipo nikaanza kulitazama lile tundu tupu.

Nieleze kidogo, na nitaeleza kwa kinu. Wanawake wawili wakitwanga mtama kwenye kinu kimoja, huyu anapandisha mchi yule anashusha. Hawahesabu, lakini nafasi kati ya pigo na pigo ni ile ile. Mmoja akichelewa hata kidogo, michi inagongana na mtama unaruka nje. Muziki wa mtandaoni unakuja kama tarakimu, nyingi sana, na kisanduku kinatakiwa kuzitoa moja moja kwa nafasi zilizo sawa kabisa. Kinazipima nafasi hizo kwa saa yake ndogo ya ndani, ambayo haina mishale wala namba, inadunda tu. Saa ya ndani inapata joto, inapata baridi, inasumbuliwa na umeme wa majirani zake humo kwenye kisanduku, inayumba. Ikiyumba, mtama unaruka. Kwenye sauti kubwa huwezi kuona hasara, ila vitu vidogo vidogo vinapotea: pumzi ya mwimbaji, mwangwi wa ukuta wa kanisa, mwisho wa silabi. Saa ya nje inakaa kando, mahali tulivu, inafanya kazi moja tu ya kudunda sawasawa, na kisanduku kinaifuata.

Mwisho wa silabi! Niliposoma hivyo kwenye simu nilipiga paja. Mkia wa mwanangu ulikuwa umeruka nje ya kinu.

Saa za namna hiyo zinauzwa Ulaya kwa bei ambayo sitaki hata kuitaja. Lakini minara ya simu nayo inatumia saa hizo hizo ili isipishane, na mitambo ya minara ikizeeka inaishia kwa wauza vyuma chakavu. Nilizunguka kwao mjini hadi wakanizoea. Mwenzao mmoja wa Nduguti, mbali na mji, alinipigia simu, akasema ameletewa takataka za mnara, nije niangalie kabla hajazivunja. Nikaenda. Juu ya sahani moja ya kijani, ile inayobeba vipuri vya mtambo, nikakiona: kibati kidogo kama kiberiti, na ndani yake kuna fuwele, kijiwe kinachotetemeka bila kukosea, pamoja na kitanuru cha kukipasha joto muda wote kisibadilike na hali ya hewa. Nilikishika kwenye kiganja nikajihisi kijana. Muuza chuma aliniuliza, "Dhahabu?" Nikasema si dhahabu, akanipa.

Nikakitengenezea nyumba kwenye kopo la asali la mke wangu, kwa sababu bati lake lilikuwa zito na kifuniko kinabana. Nikalehemu, nikapima, nikarudia. Ila upepo wa kwetu unajua kuingia kila mahali, na kitanuru kikipulizwa kinahangaika, basi nikalizungushia kopo kipande cha kitenge chake cha zamani. Jirani alipoona hivyo alishika kiuno. "Saa unaifunika kama mgonjwa." Nikamweleza kwamba inataka kukaa na joto lile lile siku nzima kabla ya kufanya kazi, ndiyo maana naiwasha Jumamosi. Akasema wanaume wakibaki peke yao wanakuwa na mambo.

Sikumweleza kwamba nilikuwa na hofu. Niliiona hofu yenyewe ile Jumamosi, wakati nachomeka waya kwenye lile tundu dogo la duara na taa ya kisanduku ikabadilika rangi kuonyesha kwamba imeikubali saa. Badala ya kufurahi nilikaa chini. Nilikuwa nimemaliza kila kitu. Baada ya hapo hapakuwa na kitu kingine cha kubadilisha.

Jumapili nikamwita jirani aje asikilize. Nilimwambia nataka masikio mengine, masikio yangu yamezeeka. Yeye ni Mwislamu, kwaya si mambo yake, lakini alikuja na kikombe chake cha chai akakaa kwenye kiti cha mke wangu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kabla. Ibada ikaanza.

Je, sauti ilikuwa tofauti? Nimeulizwa hivyo na watu wa kwenye kundi letu la simu, wapenda muziki, na wanabishana wenyewe kwa wenyewe mpaka wanatoleana maneno. Nitasema ukweli wangu. Ilikuwa imetulia. Sina neno lingine. Mambo yalikuwa yamekaa mahali pake. Nilisikia mtu akifunua karatasi. Nilisikia kwamba yule wa sauti ya kwanza anayeongoza ana mafua. Wa sauti ya pili nilianza kuwatenga, mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu kuku wake jioni wanavyoingia bandani. Labda ni saa. Labda ni kwa sababu sikuwahi kusikiliza kwa hofu kiasi kile.

Jirani alikuwa ametulia, ameinamisha kichwa. Akasema, "Wanaimba vizuri. Mwanao ni yupi?"

Nikanyanyua mkono kumwonyesha asubiri. Wimbo ulikuwa unakwenda mwisho. Wakafika kwenye silabi ya mwisho, wakaishika, wakaachia. Wote. Safi, kwa pamoja, kama kamba iliyokatwa kwa kisu kikali. Nikasikia hata mwangwi ukirudi kutoka kwenye ukuta wa kanisa lao. Nyuma ya mwangwi hapakuwa na mtu.

"Hayupo," nikasema.

"Mashine bado?"

"Mashine nzima."

Yule mama aliweka kikombe chini. Hakunicheka. "Basi mpigie mtoto, mzee."

Nikapiga. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikakata. Ukaja ujumbe: Shikamoo baba, niko ibadani. Nami nilikuwa nasikia ibada hiyo hiyo sebuleni kwangu, mchungaji anasoma matangazo. Nikachukua miwani, nikaandika kwa vidole hivi vya bisibisi, ujumbe mrefu kuliko wote niliowahi kumwandikia: "Nasikiliza ibada yenu. Kwenye sauti ya pili hupo. Uko wapi mwanangu?"

Simu haikujibu. Jirani akainuka, akasema anakwenda kuangalia jiko lake, na nilijua hana kitu jikoni. Nikakaa peke yangu na mchungaji wao anayetangaza harusi za watu nisiowajua. Halafu simu ikaita, jina lake.

Nikapokea. Kukawa na mkwaruzo. Pumzi, na ndani ya pumzi kitu kama mchanga unaokokotwa. Nikaitoa simu sikioni nikaipiga kofi, kama ninavyopiga redio. Nikairudisha. Ule mchanga ukasema tena, "Shikamoo baba."

Nikaipiga kofi tena.

"Siyo simu, baba," akasema. "Ndiyo mimi."

Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tezi shingoni. Uvimbe ulikuwa umekua hadi ukaanza kumkaba usiku, madaktari wakautoa, na katika kuutoa mshipa wa sauti ukaguswa. Inatokea, walimwambia. Huenda sauti ikarudi, huenda isirudi. Darasani anafundisha kwa kupiga makofi na kuandika ubaoni, na watoto, alisema, wamekuwa wapole ajabu, wananong'ona kama yeye. Aliyasema haya vipande vipande, akipumzika katikati, na mimi nilikuwa nasema "ehee, ehee" kama mtu anayepewa habari za mvua. Machozi yalikuwa yanadondokea kwenye shati.

"Mbona mmenificha?"

"Una presha, baba."

Ni kweli, nina presha. Kwetu habari mbaya haipelekwi kwa mtu mwenye presha. Inapikwa kwanza, inapoozwa, inapakuliwa kidogo kidogo, na anayeipeleka anachaguliwa na watu wanaokaa kikao. Naijua hiyo kazi. Mama yake alipofariki, yeye alikuwa chuo cha ualimu, na sisi wakubwa tulikaa chini ya turubai tukakubaliana kwamba mjomba wake ampigie simu amwambie mama amezidiwa, aje. Hakuna mtu anayemwambia mtoto aliyeko mbali kwamba mama yake amekufa halafu akampandisha basi peke yake na habari hiyo. Alisafiri siku nzima amebeba machungwa ya mgonjwa. Aliposhuka akaona turubai na watu wamekaa nje, machungwa yakamwagika njiani hadi mlangoni. Baada ya matanga aliniambia mimi, peke yangu, kwa Kiswahili kile cha shikamoo na marahaba: "Baba, tusifichane tena." Nikamwambia sawa.

Nikamkumbusha hilo kwenye simu. Nilikuwa na hasira, nisijifanye. Hasira zangu ziko karibu na mlango siku zote. Nikasema, "Uliniambia tusifichane. Wewe mwenyewe! Mimi huku nahangaika na waya, napanda darini na umri huu, nakwenda mpaka Nduguti kwenye vyuma chakavu natafuta saa, nadhani mashine imekumeza, kumbe…"

"Saa gani, baba?"

"Ya kusikilizia. Ili nikusikie."

Nyuma yake nilisikia upepo, alikuwa ametoka nje ya kanisa, na kwa mbali kwaya ikianza wimbo mwingine ambao kwangu sebuleni ulikuwa bado haujafika.

"Umeanza lini kusikiliza?"

"Tangu uliponiambia umejiunga."

"Kila Jumapili?"

"Sasa nisikilize Jumapili moja moja, kwani ni dawa ya minyoo?"

Akacheka, au nafikiri alicheka, ilitoka pumzi tupu. Halafu ikageuka, nikajua analia, na kilio chake pia hakikuwa na sauti. Kila mzazi anakijua kilio cha mtoto wake, anakitambua hata katikati ya soko. Hiki sikukijua. Ilibidi nisubiri nikielewe.

"Hukuwahi kusema, baba," akasema mwishowe. "Ningejua unanisikia, ningekwambia. Nilijua hakuna mtu wa kukosa sauti yangu. Mama hayupo. Nikasema, itapita tu, nani atajua."

Nilisema tu, "Nakuja Mbeya." Akasema sawa. Kisha akasema tena, bila sababu, taratibu ili itoke vizuri, "Shikamoo baba." Nikaitikia marahaba. Tukakata.

Sikupata nafasi ya kusafiri wiki hiyo kwa sababu ya mambo ya kliniki yangu, kwa hiyo Jumapili iliyofuata ilinikuta bado nyumbani, begi limefungwa, jirani ameniletea jogoo wa kumpelekea mwanangu, amefungwa miguu uani anapiga kelele. Saa nilikuwa nimeiwasha tangu jana yake, kwa mazoea. Ibada ilipoanza simu ikaita. Mwanangu alikuwa ameketi kwenye benchi kanisani, kati ya waumini. Aliiacha simu wazi karibu na shingo yake ili tusikilize wote wawili, na mimi nikaiweka sikioni, spika zikiendelea mbele yangu.

Sasa, mtandao unachelewa. Kinachoimbwa Mbeya kinafika kwanza kwenye simu, na kwenye spika zangu kinakuja baadaye kidogo, kimepita njia yake ndefu. Hilo hakuna saa inayoliondoa. Kwa hiyo nilisikia kila wimbo mara mbili, mara ya kwanza mchafu, wenye vishindo na kikohozi cha mtu wa jirani yake, mara ya pili safi.

Wimbo wa mwisho ukafika mwisho kwenye simu. Kwaya ikaachia. Na karibu kabisa na sikio langu, mtu ambaye hakuwa amesimama na kwaya, ambaye hana tena sauti ya pili wala ya kwanza, akabaki na ile silabi. Ilikuwa pumzi na mchanga tu. Akachelewa kuachia.

Nilikuwa bado nimeibana simu kwenye sikio wakati mwisho ule ule ulipofika kwenye spika, umetulia, kila kitu mahali pake, wote wakaachia kwa pamoja na ukuta wa kanisa ukarudisha mwangwi. Yeye hakuwemo. Nikanyoosha mkono nikazima spika, nikamsikiliza anavyopumua.